Nyumba ya mawe Molo: shajara ya kung'oa boila la pipa na kujenga upya mfumo wa joto

Nyumba ina vyumba vinne vya kulala, kuta nene za mawe ya kuchonga, paa la mabati na silingi ya mbao. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni mpaka Agosti si ya kuchezea: usiku wenye anga safi huwa na jalidi kwenye nyasi. Mfumo wa zamani wa joto ulikuwa wa vitu vitatu. Nyuma ya jikoni kulikuwa na pipa la lita 200 lililolazwa juu ya tanuri la matofali, likipeleka maji moto bafuni na jikoni. Ndani ya jikoni kulikuwa na jiko la Dover, lile la chuma la kupikia kwa kuni, lenye mabamba yaliyopasuka. Sebuleni kulikuwa na meko ya wazi iliyokuwa ikirudisha nusu ya moshi kwa waliokaa mbele yake. Vyote vitatu vilikula kuni, na kuni si za bei ya zamani tena tangu marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali ianze Februari 2018. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, tena akiwa papa hapa Molo, lakini hesabu ya mradi huu haikuwekwa juu ya kuni za bei nafuu.

Sharti la kwanza liliwekwa kabla ya kununua hata kiungo kimoja cha bomba: mfumo wote ufanye kazi bila stima. Hakuna pampu. Maji moto yapande kwa wepesi wake, maji baridi yashuke kwa uzito wake. Sharti hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata, yaani kimo cha kila tangi, unene wa mabomba na njia yanayopita. Anayetaka pampu ya kuzungusha maji ya boila la kuni ajiulize jambo moja: stima ikipotea saa mbili usiku na moto umekolea, joto litaenda wapi? Moto wa kuni hauna swichi.

Ukaguzi, Januari

Kutoka kwenye pipa hadi bafuni ni mita 14 za bomba la chuma lililopakwa zinki (GI) la robo tatu inchi, limezikwa ndani ya plasta bila kufunikwa na chochote cha kuzuia joto. Bomba la ukubwa huo hubeba takriban lita 0.37 kwa kila mita. Ina maana lita 5 za maji baridi humwagika kabla ya maji moto kufika, na mfereji ukifungwa lita 5 za moto hubaki zikipoa ukutani. Kipande kilichokatwa kilikuwa na kutu ndani iliyobakisha tundu la kupitisha penseli tu. Ndiyo maana bafu lilikuwa likitiririka kinyonge ingawa tangi la juu lilikuwa limejaa.

Jambo la hatari kuliko yote lilikuwa juu ya paa. Bomba la pumzi la boila, lile linalopaswa kuwa wazi daima, lilikuwa limezibwa kwa kizibo cha chuma. Mara nyingi kizibo cha namna hiyo huwekwa kwa sababu bomba lilikuwa likidondosha maji juu ya mabati, na mtu akaona ni uvujaji. Bomba la pumzi likizibwa, mvuke na maji yanayotanuka hubaki na njia moja tu, kurudi nyuma kupitia bomba la maji baridi. Kutu ikiziba na hiyo, pipa limegeuka bomu. Kwenye kimo cha Molo maji huchemka kwenye nyuzi 91 au 92 hivi, si 100, kwa hiyo moto mkubwa hulifikisha pipa kwenye mvuke mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwenye boila la namna hii nyumbani, hata asipobadilisha kitu kingine, apande leo aangalie hilo bomba.

Meko ya sebuleni: mdomo wake ni sentimita 90 kwa 75, yaani sentimita za mraba 6,750. Njia ya moshi ni 23 kwa 23, yaani 529. Kanuni ya meko ya wazi ni kwamba njia ya moshi isipungue sehemu moja ya kumi ya mdomo, na moja ya nane ni bora. Hapa ni chini ya moja ya kumi na mbili. Meko hii isingeweza kuacha kutoa moshi hata dohani ingesafishwa kila wiki. Tena ukaguzi wa darini ulionyesha ncha ya boriti moja imejengewa ndani ya ukuta wa dohani, na mbao yake imeanza kuwa nyeusi. Mbao iliyopashwa joto kwa miaka mingi huwaka kwa nyuzi chache kuliko mbao mpya.

Bomba la moshi la boila la nje lilikuwa la simiti ya asbesto, rangi ya kijivu. Hapo kazi ilisimama.

Asbesto na kubomoa

Bomba la asbesto halikatwi kwa msumeno, halitobolewi, halivunjwi kwa nyundo. Vumbi lake ndilo sumu, na madhara kwenye mapafu huonekana baada ya miaka mingi. Taka yake ni taka ya hatari chini ya kanuni za taka za Kenya, na msafirishaji lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Lilivyoondolewa: lilinyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ili yapenye, vifungo vikafunguliwa kwa spana, likateremshwa zima, likafungwa kwa nailoni nzito mara mbili na kuandikwa. Nguo za kazi ni za kutupwa, na barakoa ni ya daraja la P3. Kitambaa cha kufunga mdomo hakizuii nyuzi hizo. Bomba likiwa limeshavunjika, vipande viloweshwe na viokotwe kwa mkono wenye glavu. Visifagiliwe.

Kisha pipa. Maji yalifungwa kwenye tangi la juu, mifereji yote ikafunguliwa, pipa likamwagwa kupitia plagi ya chini, ambayo ilikuwa imekula kutu na ikahitaji mafuta na subira ya usiku mzima. Kutumia nguvu hapo huvunja uzi na kumwaga maji yote tanurini. Tope lililotoka chini lilijaza ndoo. Tope hilo ndilo lililokuwa likikaa katikati ya moto na maji, likifanya chuma kiungue na kuni ziishe bila maji kupata joto.

Mabomba ya zamani ndani ya kuta yameachwa humo humo. Kuyachimbua kungebomoa plasta ya nyumba nzima bila faida. Yamekatwa, yamezibwa ncha zote, na yamechorwa kwenye ramani ya nyumba ili atakayetoboa ukuta baadaye ajue.

Dohani

Kazi ya paa iliwekwa mwanzo kwa makusudi, imalizike Februari kabla ya mvua za Machi.

Meko ya wazi imebadilishwa kuwa jiko la chuma cha kusubu lenye mlango wa kioo. Sababu ni hesabu. Kwenye meko ya wazi, sehemu moja ya kumi au kidogo zaidi ya joto la kuni ndiyo hubaki chumbani, mengine huenda juu yakivuta na hewa ya ndani iliyokwisha kupata joto. Jiko lililofungwa vizuri hubakisha zaidi ya nusu. Kilo moja ya kuni kavu, zenye unyevu wa asilimia 20, ina takriban kilowati-saa 4. Kuni mbichi zenye unyevu wa asilimia 50 hutoa kama nusu ya hapo, kwa sababu moto hutumika kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe, na moshi wake hugandisha lami kwenye dohani.

Njia ya zamani ya 23 kwa 23 ni kubwa mno kwa jiko lenye tundu la moshi la milimita 150. Moshi ukiingia kwenye nafasi pana na baridi hupoa, hupunguza mwendo na kuacha lami. Kwa hiyo ndani ya dohani limeteremshwa bomba la chuma kisichoshika kutu la daraja la 316, kipenyo cha milimita 150, moja kwa moja kutoka kwenye jiko hilo hadi juu. Mambo ya kushika:

- Viungo vya bomba hukaa na ncha ya kike ikitazama juu, yaani kipande cha juu kinaingia ndani ya cha chini, ili lami na maji viteremke ndani ya bomba. Ukigeuza, lami hutoka kwenye kila kiungo na kuchafua ukuta.
- Urefu kutoka kwenye jiko hadi mdomo wa juu usipungue mita 4.5. Hapa ni 6.
- Karibu na kilele cha paa, dohani ipite kilele kwa sentimita 60. Ikiwa chini zaidi, upepo wa jioni unaovuka paa husukuma moshi urudi chini.
- Kofia ya mvua iwe na nafasi ya kutosha pembeni. Kofia iliyobanwa ni kizibo.

Nafasi kati ya bomba na matofali imejazwa vamikulaiti, madini mepesi ya kuzuia joto, sehemu 10 kwa simiti 1, kavu kiasi cha kushikana tu ukiifinya mkononi. Ikiwa na maji mengi itazama, itabeba unyevu na haitazuia joto.

Boriti iliyokuwa ndani ya dohani imekatwa na kuegeshwa kwenye boriti ya kukingama iliyofungwa kwa mbili za jirani, sentimita 5 mbali na uso wa matofali. Nafasi hiyo imeachwa wazi na haikusindiliwa mbao wala povu. Kwa wanaotumia bomba la tabaka moja lililo wazi chumbani, umbali na chochote kinachoungua uwe mara tatu ya kipenyo. Bomba la milimita 150 linahitaji sentimita 45. Wengi hupitisha bomba hilo kwenye silingi ya mbao wakiacha nafasi ya vidole viwili, na nyumba huungua.

Jiko linakula hewa. Chumba kilichozibwa madirisha na milango huminya moto, na moto ulionyimwa hewa hutoa kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Tundu la milimita 100 limetobolewa ukutani nyuma ya jiko, lina wavu wa kuzuia panya na halina kifuniko cha kufunga. King'ora cha gesi hiyo cha betri kimewekwa sebuleni na kingine jikoni.

Jiko la jikoni na silinda

Hapa ndipo moyo wa mfumo. Jiko jipya la kupikia lina boila la shaba nyuma ya chumba cha moto, lenye nguvu ya kilowati 5 upande wa maji. Nyuma na pembeni limezungushiwa matofali ya kuhimili moto, na kati ya matofali na ukuta wa mawe kumejazwa unga wa diatomaiti wa Kariandusi, karibu na Gilgil. Ni mwepesi, unazuia joto vizuri, na unapatikana ndani ya kaunti. Kuushika kunahitaji barakoa, kwa kuwa vumbi lake ni silika.

Silinda, yaani tangi la kuhifadhi maji moto, ya lita 150 imekaa kwenye kabati la ukutani upande wa pili, kitako chake kikiwa mita 1.6 kutoka sakafuni. Boila liko mita 0.6. Tofauti hiyo ya mita moja ndiyo pampu yetu. Mafundi wengi huweka silinda sakafuni kandokando ya jiko kwa sababu ni rahisi kuifikia, halafu wanashangaa maji ya silinda ni vuguvugu wakati boila linanguruma. Maji moto hayashuki.

Mabomba mawili ya kati ya boila na silinda ni ya shaba, milimita 28. La moto linatoka juu ya boila na kupanda bila kukatiza hadi juu ya silinda. La kurudi linatoka kitako cha silinda na kuteremka hadi chini ya boila. Kila sehemu inayolala imepewa mwinuko wa sentimita 5 kwa kila mita, ukipimwa kwa pimamaji kabla na baada ya kufunga klipu. Kona zimepindwa kwa mashine pole pole. Elibo kali za digrii 90 hazikutumika, kwa kuwa nguvu inayosukuma maji ni ndogo mno na kila kona kali huila. Hakuna valvu popote kwenye mabomba haya mawili. Valvu ikiwapo, siku moja mtu ataifunga.

Mfumo huu ni wa moja kwa moja, maji yanayopita kwenye boila ndiyo yanayoogewa. Unafaa hapa kwa sababu maji ni ya mvua na mto, hayana chokaa ya kuziba boila. Mwenye maji ya kisima yenye chokaa aweke silinda yenye koili, yaani bomba lililozungushwa ndani yake, boila liwe na maji yake yenyewe yasiyobadilishwa.

Bomba la pumzi ni la shaba, milimita 22, linatoka kileleni mwa silinda na kupanda hadi juu ya paa. Kimo chake hakikisiwi. Maji ndani ya bomba hili yana joto na ni mepesi, kwa hiyo husimama juu kuliko maji ya tangi. Kanuni ni milimita 150, na milimita 40 zaidi kwa kila mita kutoka chini ya boila hadi usawa wa maji kwenye tangi la juu. Hapa ni mita 4.9: 150 na 196, jumla 346. Tumepandisha hadi 500, na ncha imepindwa kutazama chini. Hivyo ndivyo lile la zamani lilivyokosewa: lilikuwa fupi, likadondosha, likazibwa. Dawa ya bomba la pumzi linalodondosha ni kulirefusha.

Bafuni kuna reli ya taulo ya shaba iliyounganishwa na mabomba ya boila, nayo haina valvu. Inapasha chumba joto, na silinda ikishajaa moto ndipo joto la ziada linapokimbilia kabla maji hayajafikia kuchemka.

Mabomba ya kugawa maji

Njia mpya inapita darini, mita 8 hadi bafuni badala ya 14. Bomba ni PPR, plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa, ya milimita 25 yenye tabaka la alumini ndani. Lita zilizolala ndani ya bomba zimeshuka kutoka 5 hadi chini ya 2.

Tabaka la alumini lina sababu. PPR ya kawaida hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mita 8 zikipanda nyuzi 45 ni milimita 54, zaidi ya sentimita 5, na bomba lililobanwa ncha zote litapinda tumbo kati ya klipu. Kwenye tumbo hilo hewa hukwama na maji husimama. Lenye alumini hurefuka kama milimita 11 kwenye umbali huo huo, na kona moja iliyoachwa huru inatosha kulimeza.

Kuchomelea: mashine nyuzi 260. Kwa milimita 25, sekunde 7 za kupasha, kusukuma moja kwa moja bila kuzungusha, dakika 2 za kupoa bila kuguswa. Asubuhi za Molo zikiwa chini ya nyuzi 5, muda wa kupasha huongezwa nusu. Kosa la kawaida ni kupasha kupita kiasi na kusukuma kwa nguvu: plastiki iliyoyeyuka hukunjamana ndani na kubakisha tundu dogo. Kwa nje kiungo kinapendeza, kumbe mfereji hautoi maji. Tabaka la alumini hukwanguliwa kwanza mwishoni mwa bomba kwa kikwanguo chake. Lisipokwanguliwa kiungo hakishiki.

PPR haikaribii boila. Mita ya kwanza kutoka silinda ni shaba. Chuma cha GI hakikutumika tena mahali popote baada ya shaba, kwa kuwa maji yanayotoka kwenye shaba hubeba chembe zinazotoboa zinki ya GI kwa ndani. Panapolazimu kukutana, kuna kiungo cha brasi na GI iwe upande wa maji yanakotoka.

Jambo lililosahaulika kwenye nyumba nyingi ni kwamba maji baridi ya bafu yatoke tangi lile lile linalolisha silinda. Baridi ikitoka kwenye laini ya mtaa na moto kwenye tangi la mita mbili juu, baridi itasukuma moto urudi bombani na hakuna mfereji wa kuchanganyia utakaotulia. Mita moja ya kimo ni bar 0.1 tu, ndogo lakini inatosha ikiwa pande zote mbili ni sawa na bafu limechaguliwa la presha ndogo.

Sola

Jua ndilo hutoa joto la kwanza, jiko likamalizia. Paneli mbili bapa za mita 2 za mraba kila moja zimewekwa kwenye paa la chini la stoo. Tangi lake la lita 300 limekaa ndani ya dari, juu ya kuta mbili za mawe, kitako kikiwa sentimita 40 juu ya ukingo wa juu wa paneli. Zisipungue 30, la sivyo usiku mzunguko hugeuka na paneli hupoza tangi. Tangi lililojaa hupita kilo 390. Boriti za zamani za inchi 4 kwa 2 zisingelibeba, ndiyo maana uzito umepelekwa kwenye kuta.

Paneli zinatazama kaskazini. Molo iko kusini kidogo mwa Ikweta, na miezi ya baridi ndiyo miezi jua liko kaskazini. Mlalo ni digrii 18. Chini ya 10 maji hayapandi vizuri na vumbi halioshwi na mvua. Nyumba yenye paa la mashariki na magharibi pekee ichague mashariki, kwa kuwa asubuhi za huku huwa safi na mawingu hujikusanya mchana.

Kwa hesabu: lita 300 kutoka nyuzi 15 hadi 60 zinahitaji karibu kilowati-saa 15.7. Mita 4 za mraba, kwa jua la kilowati-saa 5 kwa mita na ufanisi wa nusu, zinatoa 10. Siku njema maji yatapanda nyuzi 28 au 29, yaani kutoka 15 hadi 43 hivi. Yakiingia silinda yakiwa 35, jiko linahitaji kilowati-saa 4.4 kuzifikisha lita 150 kwenye 60, kama dakika 50 za moto wa kupikia chajio. Bila sola ingekuwa zaidi ya saa moja na nusu.

Maji ya kuogea hayapiti kwenye paneli. Usiku wa anga safi paneli hupoteza joto kuelekea angani na huweza kuganda hata kipimajoto cha kivulini kikisoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, na mirija ya shaba hupasuka. Ndani yake kuna maji yenye asilimia 30 ya propilini glaikoli, kemikali ya kuzuia kuganda, yanayozunguka kwenye koti la nje la tangi. Dawa ya rejeta ya gari isitumike badala yake. Nyingi ni ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, na koti likitoboka itaingia kwenye maji ya nyumba.

Silingi

Pamba ya kioo ya milimita 100 imetandazwa juu ya silingi yote, isipokuwa sentimita 5 kuzunguka dohani. Mabati na mbao pekee hupitisha kama wati 2 hadi 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti. Pamba huzishusha hadi karibu 0.4. Kwa sebule ya mita 30 za mraba, tofauti ya nyuzi 12, ni kutoka wati 800 hivi hadi 150 zinazotorokea juu. Hakuna jiko linaloleta faida kama hiyo kwa fedha zile zile.

Kujaza, kupima na moto wa kwanza, Machi

Mfumo ulijazwa pole pole kutoka chini, bomba la mpira likiwa limefungwa kwenye mfereji wa kumwagia wa boila, ili maji yasukume hewa juu. Kujaza kutoka juu hufunga hewa kwenye kila mgongo wa bomba. Nafasi imeachwa kwenye tangi la juu: lita 450 za mfumo huu zikitoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kama lita 7, na floti imewekwa chini ili ongezeko hilo lisimwagike.

Kiungo kimoja cha shaba kilitoa jasho baada ya kupata joto, ingawa kilikuwa kikavu maji yakiwa baridi. Ndiyo sababu viungo hukaguliwa mara mbili, baridi na moto, kabla ya kufunikwa na mpira wa kuzuia joto wa milimita 13. Mpira ulio nje umefunikwa kwa tepu ya alumini, kwa kuwa jua huumumunyusha.

Dohani ilijaribiwa kwa kidonge cha moshi, mdomo wa juu ukiwa umezibwa kwa muda, mtu akikagua darini kwa tochi. Kisha moto mdogo wa vijiti, siku kadhaa, kuongeza kidogo kila mara, ili simiti na matofali yatoe unyevu bila kupasuka. Boila lisiwashwe kamwe likiwa tupu. Shaba hulainika na maungio yake kuyeyuka.

Dalili za kuangalia moto ukiongezwa: boila likinguruma na silinda ikibaki baridi, kuna hewa imekwama au mwinuko umegeuka mahali. Bomba la kurudi likiwa moto sawa na la kupanda, silinda imeshajaa joto, punguza kuni. Bomba la pumzi likitoa mvuke, fungua mfereji wa maji moto, funga hewa ya jiko, na usimwagie moto maji.

Silinda inafikishwa nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela, waletao ugonjwa wa mapafu, wasizaliane kwenye maji vuguvugu. Ngozi ya mtoto huungua kwa nyuzi hizo ndani ya sekunde chache, kwa hiyo valvu ya kuchanganya, ya aina ya presha ndogo, imewekwa kwenye bomba linalotoka silinda na kupimwa kwa kipimajoto kwenye mfereji wa bafu: 45.

Kilichobaki

Banda la kuni, lenye paa na pande zilizo wazi, kuni ziinuliwe sentimita 15 kutoka ardhini. Mikaratusi iliyopasuliwa Machi haitakuwa tayari Juni. Ya msimu huu inunuliwe iliyokwisha kukauka, na ipimwe kwa kipimo cha unyevu kwenye uso uliopasuliwa upya. Kufagia dohani kabla ya Juni na tena Septemba. Fimbo ya magneziamu ya tangi la sola, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ifunguliwe baada ya mwaka mmoja. Ikiwa imeliwa zaidi ya nusu, ibadilishwe. Glaikoli ipimwe kila baada ya miaka miwili, kwani joto huigeuza asidi. Ramani ya mabomba imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la silinda, na kwenye bomba la pumzi, pale linapotokea darini, kumepakwa rangi nyekundu maneno mawili: LISIZIBWE KAMWE.